Jinsi ya Kuzuru Medani za Kisimayu na Kurudi na Picha

Siku hizi mwenye fedha hatosheki na mnazi na bahari. Akishaona simba, akishapanda Kilimanjaro, akishapiga picha na Mmasai wa kukodi, anataka apelekwe mahali watu walikouana. Biashara yenyewe ni rahisi: kanali mstaafu mwenye bakora na kofia pana, wageni kumi na wawili waliolipa kabla, gari mbili, na kilima kisicho na kitu juu yake isipokuwa upepo. Kanali ananyoosha bakora. "Walitokea kule." Wote wanageukia kule, na anayejiona msomi zaidi anaandika.

Taveta wameizoea biashara hii. Kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipanda kwa majigambo wakashuka mbio mbele ya askari wa Mjerumani, sasa kina wageni wake. Tanga wana Novemba 1914 yao, na nyuki waliouma bila kuuliza sare. Kwa hiyo ni haki na sisi wa kaskazini ya mbali, kutoka Rasi Kiamboni hadi mdomo wa mto Juba, tupate fungu letu. Vita tunavyo, tumevilimbikiza kama mtu anayelimbikiza magunia akingoja bei ipande. Tulichokosa ni mwongozo, na ndio huu.

Anza kwa kuhakikisha kwamba vita unavyokwenda kuvitazama vimekwisha. Utadhani ni jambo dogo. Kwingineko watu hupigana, huzikana, nyasi huota, halafu ndipo anakuja mwenye kitabu cha tiketi. Kwetu mpangilio uligeuka. Septemba na Oktoba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu na Manda, upande wa Lamu. Mmoja akauawa, wengine wakachukuliwa kwa boti kupelekwa kaskazini. Na tarehe 16 Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka. Kwingine vita hutangulia na watalii hufuata. Kwetu watalii walitangulia. Hilo silichekei, nalitaja tu ili ujue foleni imepangwaje.

Chukua Rasi Kiamboni, ncha ile ambako Somalia inagusana na Kenya na mawimbi hayajali ni ya nani. Januari 2007 palipigwa, na ndege za Wamarekani zikashiriki. Mtaalamu wako atakuwa na mchoro mzuri sana wa siku hizo. Ila mchoro wenyewe umeshachakaa, kwa sababu Desemba 2024 majeshi ya serikali ya Mogadishu na ya jimbo la Jubaland yalikutana pale pale, na mamia ya askari wa Mogadishu wakavuka kukimbilia Kenya, upande wa Kiunga. Kwa hiyo mtaalamu akisema "hapa palipigwa vita vikali", muulize kwa adabu: lini? Akitaja mwaka, kaa umsikilize. Akitaja siku ya juma, rudi botini.

Sasa umchague mtaalamu. Wako wa namna nyingi, lakini yule anayependwa zaidi na kampuni za safari ni mtaalamu wa medali. Huyu hana haja na nani alimpiga nani. Yeye anajua nani alipewa nini. Mfikishe mto Juba, mpe chai, kisha umtajie 1893. Mwaka huo Kisimayu ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na askari wake wa kukodi waliasi, wakamuua mkuu wao. Manowari iitwayo Blanche ikateremsha mabaharia wapatao arobaini, wakapigana siku tatu, 23 hadi 25 Agosti. Malkia akawapa medali yenye kipande cha fedha kilichoandikwa Juba River 1893. Watu arobaini, siku tatu! Ndiyo maana kipande hicho ni adimu, na ndiyo maana mtaalamu, akikitaja, sauti yake hushuka kama ya mtu aliyeingia msikitini. Chai itapoa. Utajua majina ya mabaharia, utajua minada, utajua bei. Waliokuwa upande wa pili wa risasi utaambiwa walikuwa "wenyeji", wingi usio na hesabu.

Ukitaka kumfurahisha zaidi, mtajie Jenner, naibu kamishna aliyeuawa na Waogaden Novemba 1900, na msafara wa adhabu uliofuata 1901. Nao una kipande chake, Jubaland. Inaelekea pwani hii haikuwahi kufiwa bila Mwingereza mmoja kupata cha kubandika kifuani.

Baada ya mto, ingia mjini. Kisimayu (wazee hulifasiri jina kuwa ni kisima cha juu) ndiyo kito cha ziara, na hapa mtaalamu asiye mwangalifu huaibika. Amekuahidi medani. Anakuleta kwenye mji unaotekwa baada ya mwenyewe kuondoka.

Angalia mwenyewe. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma meli chini ya McKillop Pasha, Mwingereza aliyevaa tarbushi, zikaja kuipokonya pwani hii kutoka kwa Sayyid Barghash. Wamisri wakapandisha bendera yao Kisimayu, Waingereza wakanuna, na mapema 1876 Wamisri hao hao wakafunga virago. Mwaka 1925 Waingereza wakaitoa Jubaland kwa Italia, malipo ya Italia kuingia upande wao katika Vita vya Kwanza. Hakuna risasi iliyolia: watu walilala Kenya wakaamka Oltre Giuba. Koloni hilo lilidumu mwaka mmoja hivi kabla ya kuunganishwa na Somalia ya Waitaliano, likaacha seti kadhaa za stempu. Mtaalamu wa stempu ni ziara nyingine, ya bei nafuu zaidi, na hafi mtu.

Februari 1941 ndiyo tarehe kuu katika kijitabu cha safari. Jenerali Cunningham anashuka kutoka Kenya, manowari zinanguruma baharini, meli za biashara za Kitaliano na Kijerumani zinachomoka bandarini usiku zikitafuta upenyo. Tarehe 14 brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki inaingia Kisimayu, vijana wa King's African Rifles wakiamrishwa kwa Kiswahili chao cha kambini, na kumkuta nani? Si adui. Waitaliano walikuwa wameamua kuuacha mji na kwenda kupigania mto. Mapigano yenyewe yako Gobwen, Yonte na Jilib, mtoni, kwenye mbu. Lakini mtoni hakuna ufuo wa kupigia picha, kwa hiyo mtaalamu atakusimamisha Kisimayu akuonyeshe kwa bakora, kwa uhakika wa mtu aliyelipwa, mahali ambapo vita havikupiganwa.

Tarehe 1 Januari 2007 Waethiopia na serikali ya mpito wakauingia mji. Wanamgambo wa Mahakama za Kiislamu, waliokuwa wameushika, walikuwa wameondoka usiku. Tarehe 28 Septemba 2012, kabla ya alfajiri, wanajeshi wa Kenya walitua ufukweni kutoka baharini katika operesheni waliyoiita Sledge Hammer, yaani nyundo kubwa. Siku ya pili al-Shabaab wakatangaza kwamba wamekwishajiondokea. Nyundo ikafika, msumari haupo.

Nisiseme uongo: mara nyingine msumari ulikuwapo, na watu wakalia. Katika miaka ya 1990 majeshi ya koo yalipokezana mji mtaa kwa mtaa, na Agosti 2008 al-Shabaab waliuchukua kwa siku tatu za mapigano. Lakini siku zile za vita vya mitaani mtaalamu huzipitia haraka. Hazina medali. Tena zina mashahidi, na shahidi ni mtu mbaya katika ziara: hukatiza hotuba.

Kuhusu milima. Kijitabu chako kimeahidi "jangwa na milima", maana ndiyo lugha ya biashara hii, iliyozoea Afghanistan. Jangwa utapata la kutosha kuanzia nyuma ya ufuo. Milima ni shida kidogo. Tuna vilima vya mchanga vinavyohama kila msimu. Tuna Birikau, ambayo Wasomali huiita Buur Gaabo, na buur kwao ni mlima. Utaupanda na kushuka kabla kofia haijalowa jasho. Mlima wa kweli ulikuwapo mwaka 2012: Wakenya walipoingia bandarini walikuta magunia ya mkaa yamepangwa safu juu ya safu, mkaa ambao Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga marufuku kuuzwa nje mwezi Februari mwaka huo huo. Sijui historia ya vita inauweka mlima huo katika sura gani. Ndio uliokuwa ukipiganiwa, lakini huwezi kupanda juu yake na darubini.

Nguo. Mtalii wa medani hupenda suruali ya rangi ya mchanga yenye mifuko mingi. Usiivae. Kwenye pwani hii kila aliyewahi kushuka chomboni na suruali ya rangi hiyo alitaka kitu. Vaa kikoi. Utaonekana mjinga, lakini mjinga hupigwa maswali tu.

Majira yaheshimu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, bahari inakubali mazungumzo. Kusi ikishika, milango kati ya mwamba na mwamba inafunga kwa povu, na hapo cheo chako hakisaidii. Hata Cunningham aliharakisha Februari asije akakutana na masika. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtaalamu, tafuta nahodha.

Nahodha hatakuwa na cheti. Utamkuta amekaa kwenye tezi, mguu mmoja umeshikilia usukani, mkono mmoja unafua maji kwa upo uliokatwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia: anachota, anamwaga, anachota, bila kutazama chini, kama mwanamke anayefuma huku akikuhadithia. Mtaalamu ataanza kueleza jinsi manowari zilivyojipanga. Nahodha ataacha kufua. Si kwamba ameshangazwa. Anasikiliza chini ya chombo. Kisha atasema neno moja, "Mwamba," na atasukuma usukani kwa goti. Ndani ya sentensi moja ya mtaalamu umeokolewa mara mbili na hukujua.

Mwulize kuhusu chazo. Wabajuni wa zamani, wavuvi wa pwani hii, walivua kasa kwa samaki huyu, mwenye kinyonyeo kichwani. Alifungwa uzi mkiani, akaachiliwa majini. Naye, kwa tabia yake ya kutojizuia, akamtafuta kasa, akamganda. Mvuvi akavuta uzi taratibu, kasa akaja na mgeni wake. Kasa siku hizi analindwa na sheria na ufundi unabaki midomoni. Lakini ukikaa siku tatu katika mashua moja na mtaalamu anayeganda kwenye kila jina kubwa, jenerali huyu, pasha yule, utajikuta unatazama mkiani mwake uone uzi umeshikwa na nani.

Kisha visiwani. Kutoka kaskazini: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vidogo, vimepangana sambamba na bara kama vibarua waliochelewa kuitwa. Hapa utaona misikiti ya mawe ya matumbawe, makaburi ya kale, kuta zilizoliwa na chumvi. Neville Chittick alipita 1968 akavipima. Kabla yake Mtaliano Vinigi Grottanelli alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya wavuvi hawa, kikatoka 1955. Mtaalamu wako wa vita atazunguka dakika ishirini, atatikisa kichwa: "Hapa hakuna kitu." Kwa taaluma yake yuko sahihi. Hapana handaki, hapana mzinga, hapana kipande cha fedha.

Na hapa ndipo nakuomba, msomaji, usimame kidogo, ingawa ziara haina ratiba ya kusimama. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, visiwa hivi vilipitiwa na watu wenye bunduki. Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye jeshi. Walikuwa na nyavu. Vyombo vilichukuliwa, nyumba ziliporwa, na waliobaki na chombo walipakia watoto wakashika kusini hadi Mombasa, wengi wakaishia kambi ya Jomvu. Sasa mtaalamu aliyehitimu atalichorea ramani jambo hilo vipi? Vita vinataka pande mbili. Mchoro unataka mshale mwekundu na mshale wa buluu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kikosi cha akiba. Upande mmoja ukiwa na bunduki na mwingine una mshipi wa kuvulia nguru, unapata mshale mmoja tu, na mshale mmoja si vita, ni mvua. Hakuna anayelipa kuja kutazama palipokunya mvua. Akikwambia kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, mwambie huku hakuna tembo, na nyasi zenyewe ni haba.

Kama safari ya bahari imekushinda, iko ziara nyingine ya medani ya Wabajuni, inafanyika Uingereza, chumbani, penye meza na glasi ya maji. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye moyo dhaifu, maana mtaalamu hahatarishi kitu. Anakaa upande mmoja na ramani. Upande wa pili anakaa mtu anayesema ni Mbajuni wa Chula na anaomba hifadhi. Mtaalamu, ambaye maji ya Chula hayajawahi kumfika kifundoni, anauliza. Taja visiwa kwa mpangilio. Taja samaki mnaovua. Kutoka kwenu hadi Kisimayu ni saa ngapi kwa mashua?

"Inategemea upepo," anajibu mtu.

Baharia yeyote duniani angejibu hivyo. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha upepo. Akitaja saa kamili, amekariri. Akisema hajui, si wa kule. Sauti yake nayo huenda ikarekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha wasikilize kama ni Kibajuni halisi. Kijana aliyelelewa Jomvu, akala na watoto wa Mombasa, akasema "maji" badala ya "mai": ile j moja inaweza kumrudisha kwenye mashua. Msidhani nimekuwa wa kwanza kuandika mwongozo huu. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi kuhusu Wabajuni na uwezo wao wa kusema Kibajuni, uamuzi wa aina ambayo wao wenyewe huiita mwongozo. Wa kwao una nguvu ya sheria. Wa kwangu una kikoi.

Lakini wewe umelipia boti, kwa hiyo turudi baharini tumalize.

Siku ya mwisho mtaalamu atataka hotuba ya kufungia. Mteremsheni kwenye ufuo mweupe wa kisiwa chochote, maji yakiwa yamekupwa. Atachora 1941 yote mchangani kwa bakora: mto hapa, Afmadow pale, manowari ni makome matano, Waitaliano ni gamba la kaa. Ni mchoro mzuri, upigeni picha mapema. Nahodha atakuwa amesimama maji ya magoti ameshika kamba, anatazama mlango wa bahari. Atasema maji yanajaa. Mwambieni dakika tano. Atasema tena. Ulimi wa kwanza wa maji utaichukua Afmadow, wa pili utabeba manowari mbili, na mtaalamu atacheka, atasogea nyuma hatua tatu na kuanza kuchora upya, maana hajafika Mogadishu, ambayo haikutekwa hadi tarehe 25.

Hapo ndipo mmoja wenu, yule anayeandika, atamwuliza nahodha kwa huruma kama na yeye anajua lolote lililotokea hapa. Nahodha atafikiri. Ataifunga kamba kwenye jiwe, atapanda ufuo, atapita kando ya mchoro bila kuukanyaga, aende hadi kwenye ukuta wa matumbawe ulioanguka nusu, penye mti wa mkunazi umeota ndani ya kilichokuwa chumba. Ataweka kiganja ukutani. Atasema hii ilikuwa jikoni kwa mama yake, na mlango ulikuwa upande huu.

Kamera ziwe tayari, mwanga wa saa hiyo ni mzuri sana. Kisha mwombeni, kwa adabu, asogee kidogo. Ameuziba ukuta.